Sura ya Sita: Chuma cha Kutobolea Akala

Wako watu wanaosema kitu kidogo hakiui mtu. Watu hao hawakuwa Nakuru mwaka wa hamsini na nne. Mwaka huo kipande cha bomba kinachoingia mfukoni mwa koti kiliweza kumpeleka mtu kwenye kamba, na kipande chenyewe kilikuwa mezani pa Sajini Masinde, juu ya gazeti kuukuu. Alikuwa akikitazama tangu saa moja ya asubuhi.

Urefu wake ulikuwa shubiri moja. Mdomo ulichongwa kwa tupa ukawa mkali kuuzunguka wote. Nyuma kilizibwa kwa chuma kilichopigwa kikakazana. Ubavuni kilipasuliwa mfereji mwembamba, na ndani yake likapita komeo, lile komeo la kawaida la mlango wa choo, limefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Kibandiko kilining'inia kwa uzi: Kielelezo namba tatu, sehemu ya bunduki ya kienyeji.

Mwandiko ulikuwa wa Bwana Inspekta, ambaye askari walimwita Kipenga kwa sababu alipuliza filimbi yake hata akitaka chai. Lakini mkono uliokitoa chuma hicho kikapuni ulikuwa wa Masinde. Siku tatu nyuma, katika kamatakamata ya mtaa wa Bondeni, alipekua kikapu cha fundi mmoja wa akala, viatu vya mpira wa tairi, aitwaye Thuo, akakiona chuma, akakiinua juu na kuuliza, "Hii nini?" Aliuliza kwa udadisi tu. Kipenga alikuwa amesimama nyuma yake. Yaliyofuata hayakuhitaji maswali.

Sheria ya Hali ya Hatari ilikuwa fupi kuliko sala ya kula. Ukikutwa na bunduki au sehemu ya bunduki, unanyongwa. Faili ya Thuo ingetoka kituoni saa nane mchana kwenda mahakamani, na ndani yake shahidi wa kwanza alikuwa Sajini Masinde. Alikuwa na saa chache za kujua chuma hicho ni nini hasa.

Akachukua tochi, akamulika ndani ya bomba. Ukuta wa ndani ulikuwa na ukoga mweupe, mgumu. Mtu yeyote aliyewahi kuchemsha maji ya visima vya bonde hili anaujua ukoga huo. Hujenga nyumba ndani ya birika. Bomba hili basi lilipitisha maji miaka mingi kabla ya kukatwa. Na kama lingepitisha moto wa risasi hata mara moja, ukoga ungekuwa mweusi. Ulikuwa mweupe. Karibu na mdomo alikwangua kwa kijiti, zikatoka chembe za mpira.

Akageuza nyuma. Kile kizibo kilikuwa kimebondwa hadi kingo zake zikapanuka. Bunduki haipigwi nyundo kisogoni. Akalisukuma komeo mbele kwa kidole gumba, akaliachia. Utepe ukalirudisha nyuma. Akarudia mara tatu kuhakikisha. Bunduki za kienyeji alizowahi kuziona, utepe wake ulivuta komeo mbele, ligonge risasi. Hapa utepe ulivuta kinyume.

Mwisho akaona alama. Karibu na mfereji palikatwa mistari mitatu mifupi kwa tupa, na kando yake nukta moja. Akaichora alama hiyo kwenye kijitabu chake, akaomba ruhusa ya kukibeba chuma, akatia sahihi, akashuka chini kwenye mahabusu.

Koplo Kosgei alimfungulia. Alikuwa mtu wa Kericho, mpole, asiyeongeza wala kupunguza neno katika amri aliyopewa. Alisimama mlangoni na funguo zake, naye Masinde akachuchumaa mbele ya Thuo.

"Thuo, niambie tena. Hii ni nini?"

"Afande, nimesema mara nne."

"Sema ya tano."

"Ni ya kutoboa akala. Unaweka mpira juu ya gogo, unaweka mdomo hapa, unapiga nyundo nyuma. Inakata kiduara. Kile kiduara kinakwama ndani, sasa unasukuma komeo, kinatoka. Basi."

"Kwa nini usitumie kisu?"

Thuo alikuwa na mdomo uliovimba upande mmoja, lakini swali hilo lilimfanya asahau maumivu. "Kisu? Tundu ya kisu iko na pembe, afande. Leo umevaa, kesho imechanika, keshokutwa mkanda umetoka uko katikati ya barabara mguu moja. Lakini tundu ya mviringo haina mahali pa kuanza kuchanika. Ndio maana akala yangu inafika mpaka Molo na kurudi."

"Nani aliyekutengenezea?"

"Sijui. Niliachiwa na mwenzangu. Alipopakiwa kwa lori kurudishwa Reserve, huko kwetu Kikuyuni, alinirushia kikapu juu ya vichwa ya watu, akasema shika kazi."

"Huyo mwenzako yuko wapi sasa?"

"Nyinyi ndio mlimpeleka. Mimi ndiye ningekuuliza."

Kosgei alikohoa pale mlangoni. Masinde akakizungusha chuma mkononi.

"Mafundi wengine wanazo kama hii?"

"Wengi. Mwenye hana anaazima."

"Utanitajia mmoja?"

Thuo akatikisa kichwa. "Nikitaja, mtamleta hapa. Tafuta mwenye aliitengeneza. Huyo atasema ni chombo ya kazi." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Niko na watoto watatu, afande. Hii kitu itaninyonga kweli?"

"Bado ni asubuhi," Masinde alijibu. Lilikuwa jibu la hovyo na alilijua.

Sokoni, upande wa akala, palikuwa na mafundi watano ambapo mwaka uliopita palikuwa na zaidi ya ishirini. Wengine walikuwa wamepakiwa kwenye malori. Masinde alianza kwa wa kwanza, akakitoa chuma, akauliza kama anakijua. Fundi aliapa kwa Mungu hajawahi kukiona. Wa pili aliapa kwa Mungu na kwa mama yake. Wa tatu alikuwa mwongo mwenye huruma; alisema vitu vya namna hiyo huuzwa duka la vyuma, kwa Mhindi mwenye miwani. Masinde akaenda. Mwenye miwani alikigeuza chuma, akakinusa, akasema dukani kwake huuza vitu vilivyotoka Birmingham, si takataka. Saa nzima ikawa imepotea, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya mlima wa Menengai.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mwanamke pekee aliyekuwa akiuza akala pale. Jina lake Nabalayo, mjane wa mtu wa reli aliyekuwa akitengeneza akala jioni, na kazi hiyo aliirithi kwa mume wake pamoja na gogo la kukalia.

"Mulembe, mama," Masinde akamsalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, mwana wa mama. Lakini leo umekuja na kofia ya serikali, kwa hivyo sijui nikukaribishe au nikimbie."

Masinde akavua kofia, akaketi juu ya tairi. Akaokota akala moja kutoka kwenye fungu lake. "Hii umetoboa na nini?"

"Na msumari."

"Msumari gani?"

"Msumari ni msumari. Unatia moto, unachoma."

Akaiweka akala karibu na jicho, akachungulia kupitia tundu. "Mama, moto ungeacha ukingo mgumu. Na msumari baridi unasukuma mpira, haukati. Hii imekatwa. Ni mviringo, safi, na ukubwa wake ni huu." Akakitoa chuma, akauingiza mdomo wake kwenye tundu. Ukaingia bila kulazimishwa.

Nabalayo akatazama kushoto na kulia. Uso wake ukabadilika, na mzaha ukamtoka. "Unataka kuniua?"

"Nataka kumtoa Thuo. Saa nane wanampeleka. Sihitaji chako, wala sitauliza kama unacho. Nitafutie tu mwenye alama hii." Akamwonyesha ile mistari mitatu na nukta.

Hapo mteja akaja kupima akala, na mama yule akamngoja hadi alipochoka na kwenda zake. "Thuo alinisaidia sana bwana yangu alipokufa," akasema. "Nenda nyuma ya gereji ya Singasinga, huko chini. Kuna mzee anaitwa Odero. Hata koleo yake ya moto iko na hiyo alama. Lakini wewe, jina yangu usitaje."

"Sitalitaja."

Odero alikuwa Mjaluo mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe na mikono isiyolingana na mwili wake kwa unene. Kibanda chake kilijaa mabomba ya zamani, yaliyong'olewa kwenye visima vya mashamba ya Njoro na Rongai wazungu walipoweka mapya. Masinde alichungulia moja. Ndani lilikuwa na ukoga mweupe.

Alikitoa kielelezo tu, akakiweka juu ya fuawe. Mzee alikichukua, akafuta vumbi kwa kidole, akatabasamu.

"Hii ni ya zamani. Hii ni kati ya zile za kwanza. Umeitoa wapi? Utepe umechoka, leta nibadilishe."

"Ni yako, mzee?"

"Huoni alama? Kila fundi ako na alama yake. Chombo bila alama ni chombo ya kuibwa. Ukiazima, ukisahau, mtu anaona, anasema hii ni ya mkono wa Odero, rudisha."

Masinde akaitazama tena ile mistari mitatu. Huo ndio ulikuwa ushahidi, na ulikuwa umekatwa kwenye chuma muda wote. "Mzee, mtu akitengeneza bunduki ya wizi, ataiwekea alama yake?"

"Mwizi anaachanga kipande yake ya jina mlangoni?" Odero akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kwa nini unasema bunduki?"

Masinde akamweleza yote, bila kuficha: Thuo, kikapu, kibandiko, kamba. Mzee alisikiliza huku akipapasa mdomo wa kile chuma kwa gumba, kana kwamba kilikuwa kimetukanwa.

"Hii? Bunduki?" akasema mwishowe. "Nimefanya kazi ya chuma miaka thelathini na nane. Nimetengeneza jembe, bawaba, birika, mpaka kengele ya kanisa. Hakuna mtu ameniita mwizi. Huyo mzungu anajua chuma?"

"Hajui. Ndiyo maana nataka aone kwa macho yake. Twende ueleze, upige tundu moja mbele yake, halafu urudi kazini."

"Nitarudi?"

Masinde alikuwa ameishi na Kipenga miaka miwili na alipaswa kujua. Lakini ushahidi ulikuwa mzuri mno, na ushahidi mzuri humlevya mpelelezi kuliko busaa. "Utarudi," akasema. "Mimi mwenyewe nitakurudisha."

Odero akamwaga maji kwenye moto. Akachukua nyundo, kipande cha gogo na kipande cha tairi, akavaa koti lake la kanisani juu ya aproni ya ngozi.

Saa saba kasorobo walikuwa mbele ya Bwana Inspekta. Kipenga aliketi nyuma ya meza yake, filimbi shingoni, faili ya Thuo imefungwa utepe tayari. Masinde alisimama wima akaanza kueleza, hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa: ukoga mweupe usio na weusi wa baruti, chembe za mpira, kisogo kilichobondwa, utepe unaovuta nyuma badala ya mbele, alama ya fundi. Kwa kila hatua Kipenga alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa mpumbavu. Hilo ndilo lililomtia Masinde matumaini.

"Na fundi mwenyewe ni huyu, bwana."

"Jambo, mzee," Kipenga alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Wewe nafanya hii?"

"Ndiyo, bwana. Nikuonyeshe?"

Odero hakungoja jibu. Alipiga magoti, akaweka gogo sakafuni, tairi juu yake, akausimamisha mdomo wa chuma, akapiga nyundo mara mbili. Kisha akasukuma komeo, na kiduara cha mpira kikaruka, kikaviringika hadi chini ya kiatu cha Inspekta. Akainua tairi ili mwanga wa dirisha upite kwenye tundu.

Kipenga aliokota kile kiduara, akakitazama, akacheka kwa furaha ya kweli. "Mzuri! Mzuri sana! Akili mingi!" Akamgeukia Masinde, akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ilikuwa kazi nzuri ya upelelezi, pengine bora kuliko zote alizoziona Nakuru.

Masinde akashusha pumzi. Alijiona akiteremka ngazi kumfungulia Thuo kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee," Kipenga akauliza, bado anatabasamu, "hii kitu, wewe natengeneza mingapi?"

Hapo Masinde aliona shimo. Aliliona mapema kidogo kuliko mzee, lakini si mapema ya kutosha. "Bwana, mzee hawezi kukumbuka..." akaanza.

"Mimi naulisa yeye, sajini."

Naye Odero, aliyekuwa bado amepiga magoti na nyundo mkononi, alifikiri anaulizwa swali ambalo kila fundi hungoja kuulizwa maisha yake yote. Ukitaka watu wajue chombo chako ni cha kawaida na kizuri, uwaambie wangapi wanakitumia. Fundi aliyetengeneza kimoja amebahatisha. Aliyetengeneza vingi ni fundi. "Nyingi, bwana!" akasema, akinyoosha mgongo. "Thelathini! Labda na mbili. Hapa Nakuru, na Gilgil, na Naivasha. Kila fundi wa akala mzuri ako nayo. Zote na alama yangu."

Kipenga akaweka kile kiduara cha mpira juu ya faili, polepole.

"Thelathini," akasema.

"Na mbili," Odero akakazia.

Inspekta aliendelea kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti. Alisema hajali utepe unavuta wapi, kwa kuwa utepe hufunguliwa na kugeuzwa kwa dakika moja. Hajali kisogo, kwa kuwa kisogo hukatwa kwa msumeno. Mtaalamu wa silaha kutoka Nairobi alikuwa ameshaandika kwamba kitu hiki *kinaweza* kuwa sehemu ya bunduki, na sheria haikuomba zaidi. Asubuhi alikuwa na mtu mmoja na bomba moja. Sasa alikuwa na kiwanda, na mwenye kiwanda amekuja kwa miguu yake na kukiri mbele ya mashahidi wawili.

"Bwana, ni vyombo vya viatu," Masinde alisema. "Umeona mwenyewe. Umecheka mwenyewe."

"Nimeona mtu anayejua kukata bomba na kulitia komeo. Wako thelathini na wawili mitaani wenye kazi ya mkono wake. Ungekuwa mahali pangu, ungelala?"

"Hakuna hata mmoja aliyefyatua risasi. Ukoga ni mweupe, bwana."

"Leo."

Ushahidi wote wa Masinde ulikuwa wa jana na juzi. Hakuna ukoga unaoweza kushuhudia ya kesho. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yeye alikuwa amefika ukingoni akikimbia kwa bidii, tena amemshika mzee wa watu mkono.

Kipenga akapuliza filimbi. Askari wawili wakaingia. Odero alitazama kutoka uso mmoja hadi mwingine, kisha akamtazama Masinde.

"Sajini, wanasema nini? Ameona, si ndiyo? Mwambie moto wangu nimeuzima, lazima niwashe tena kabla ya jioni."

"Mzee..." Masinde akasema. Mmoja wa askari akamnyang'anya Odero nyundo.

"Majina," Kipenga akasema mlango ulipofungwa. "Huyu mzee atakuwa hazijui sura zote. Lakini yule wa chini anawajua wenzake. Teremka na Kosgei, Kosgei aandike. Lori litakuwa tayari saa nane. Thuo hatakwenda peke yake tena. Kesi itakuwa ya kundi."

"Bwana, nipe mtu mwingine afanye hiyo."

"Wewe ndiye uliyemjua mwenye alama. Wewe ndiye utakayewatambua. Au unataka niandike kwamba sajini wangu amekataa amri katika Hali ya Hatari?"

Masinde alikuwa na mke na watoto wanne katika nyumba ya polisi yenye chumba kimoja. Alipiga saluti. Alijichukia alipokuwa akiipiga, na mkono ukapanda hivyo hivyo.

Kosgei aliitwa juu, akatangulia ngazini na kijitabu chake cha kazi. Thuo alikuwa amesikia sauti ya mzee juu, na nyundo. Alikuwa amesimama akishika nondo za mlango.

"Nimesikia ikipigwa!" akasema kabla hawajafika. "Mara mbili tu, na ikakata. Ni hiyo! Mmempata fundi?"

"Tumempata," Masinde akasema.

"Amesema ni yake?"

"Amesema."

"Amesema ni ya akala?"

"Amesema yote, Thuo."

Thuo akaufunika uso kwa mikono yake miwili, akasema maneno ya Kikuyu ambayo hayakuhitaji mkalimani. Aliposhusha mikono alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Bwana Inspekta anataka majina ya mafundi wengine," Kosgei akasema, kama alivyoagizwa, akifungua kijitabu. "Wale wenye chombo kama hii."

"Sawa! Hapo sasa ni sawa! Asubuhi niliogopa, lakini sasa fundi amesema, hakuna ya kuogopa. Wakija kumi, ishirini, wote na toboa zao, huyo mzungu atasema nini? Andika. Kariuki wa Shabab. Andika Nganga, yule wa kando ya kinu. Kuna Nyongesa, Mluhya, anakaa Kivumbini. Mama Nabalayo wa sokoni..."

Penseli ya Kosgei ilikwenda haraka. Alikuwa na mwandiko mzuri wa misheni. Masinde alisimama kando yake. Alisikia jina la tano, la sita, la saba. Alijiambia atasema kwenye la nane. Kwenye la nane alifikiria chumba chake kimoja na lori lililokuwa likinguruma uani. Thuo alikuwa akihesabu kwa vidole, uso unang'aa, akitaja mtaa wa kila mmoja ili asipotee, na wengine akataja hata alama ya mlango.

Kwenye jina la kumi na moja Masinde akasema, "Thuo, nyamaza."

"Kwa nini ninyamaze? Bado kuna wa Gilgil."

"Hao si mashahidi."

Thuo akamtazama, kidole cha kuhesabia bado kimeinuliwa. Akamtazama Kosgei na kijitabu. Masinde aliona maana ikimwingia, ikishuka kutoka machoni hadi mabegani, mpaka kidole kikajikunja chenyewe.

"Fundi yuko wapi?" Thuo akauliza.

"Chumba cha pili."

"Ati amefungwa?"

Thuo akazishika nondo tena. "Koplo," akasema haraka, "hao nimetaja, nimekosea. Hawana. Kariuki hana, aliuza. Huyo mama hata hajui kazi, ni mwanamke tu. Nilikuwa nataka kujiokoa, nimesema uongo. Andika nimesema uongo. Futa."

Kosgei alisimama na penseli hewani. Hakuwa mtu mbaya. Alimtazama sajini wake, akimwomba kwa macho amri ya kumtoa katika kazi hiyo. Na Masinde, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatoa amri aliyoitaka moyoni.

"Chana hiyo karatasi, Kosgei."

Kosgei akaugeuza ukurasa kuelekea mwanga, akaonyesha pembe ya juu kwa kidole. Palikuwa na nambari iliyopigwa chapa, arobaini na tatu, na chini yake sahihi ya Bwana Inspekta kwa wino wa buluu. Alikuwa ametia sahihi kurasa zote za mbele asubuhi ile, zikiwa bado tupu, ili hata mmoja ukikosekana ajue.

"Nitachana vipi, afande?" Kosgei akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kuambiwa.

Uani Kipenga akapuliza filimbi.